Karatasi Tuliyochelewa Kuisoma

Asubuhi hiyo niliamka Mangobo, mtaa wangu katika mji wa Kisangani, nikanawa uso, nikafunga mlango, nikaondoka. Sikuwa na ninakokwenda. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la sita: miguu hutangulia, akili hufuata nyuma ikiuliza maswali. Nimebeba mizigo bandarini. Nimeendesha toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, mpaka goti likakataa. Nimekaa miezi sita na wachoma mkaa kwa sababu tu nilitaka kujua wanautambuaje moshi wa kuni zilizoiva.

Mwaka huo nilikuwa nakaribia arobaini, na kazi yangu, kama ilikuwa kazi, ilikuwa kukusanya komunike. Hayo ni matangazo ya familia ambayo redio ya mjini husoma kila siku saa kumi na moja jioni: fulani amefariki, fulani anaombwa arudi haraka, binti wa fulani amefaulu mtihani. Vijiji vingi vya mkoa wetu wa Tshopo havina mtandao, kwa hiyo redio ndiyo simu yao. Watu waliacha karatasi zao kwenye vibanda, nami nilizipitia na kuzifikisha kituoni.

Mvua ilinikuta katikati ya mji, kwenye commune, yaani wilaya, inayoitwa Kisangani kama mji wenyewe. Nilikimbilia sekretaria ya mama mmoja niliyemzoea. Sekretaria, kwetu, ni kibanda chenye kompyuta, mashine ya kutoa kopi na betri ya jua, ambapo mtu asiye na mashine huandikiwa barua yake. Huyo mama aliandika vyeti, maombi ya kazi, mashtaka ya viwanja, hata barua za mapenzi za wanaume wasiojua kuandika.

"Ingia, papa ya njia," aliniambia. "Leo unapotelea wapi?"

"Sijajua bado, mama."

"Bon. Kama haujui, basi utanisaidia."

Kwa kawaida angeendelea kunitania. Siku hiyo alichungulia barabara, akainama chini ya meza na kunipa bahasha iliyofungwa ndani ya mfuko wa mchele. "Hii si komunike. Peleka kwa papa directeur wa redio, mukono kwa mukono. Na usisome."

Nilisoma. Nilisimama chini ya baraza la duka lililofungwa, mvua ikimwagika mbele yangu kama pazia, nikasoma kurasa tisa.

Ilikuwa orodha ya watu. Kila jina lilikuwa na namba ya simu, mtaa, kanisa au msikiti, na maelezo: nani anamtembelea, siku gani, wanazungumza nini. Kulikuwa na mwalimu wa chama cha walimu, wanafunzi wa chuo, karani wa parokia, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mkunga wa zahanati. Kando ya majina mengine palikuwa na mistari ya maneno waliyosema kwenye simu, neno kwa neno. Katika ukurasa wa saba nilijikuta mwenyewe. Jina langu halikuwepo, lakini nilikuwa mimi: "Mwanaume wa Mangobo, hana kazi maalum, anazunguka, anauliza maswali mengi. Hana mke. Hatari ndogo."

Nakiri kwamba kilichoniuma kwanza ni hilo la mwisho. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuandika habari zangu, na huyu aliyeziandika aliniona mdogo. Hofu ilikuja baadaye, nikiwa njiani.

Mkurugenzi wa redio alikuwa mzee aliyewahi kufundisha hesabu, mtu wa kuuliza swali moja mara tatu. Alizisoma kurasa zote akiwa amesimama. Kisha akamwita mwandishi wetu wa habari, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa kufikiri, ambaye alikuwa na tabia ya kula karanga wakati wengine wanaogopa.

"Tunasoma leo," mwandishi alisema alipofika ukurasa wa pili.

"Hatusomi leo," mkurugenzi alijibu. "Kwanza, iko kweli? Pili, nani ataumia tukisoma? Tatu, nani ataumia tukinyamaza? Ukinijibu yote matatu, nitakufungulia kipaza sauti mimi mwenyewe."

Kujua kama ni kweli kulichukua siku nne. Mkurugenzi alikwenda sekretaria kutoa kopi ya kadi yake ya mpiga kura, akazungumza na yule mama huku mashine ikivuma. Alirudi na maelezo mafupi. Mashine ya ofisi moja ya usalama, ambayo sitaitaja, ilikuwa imekufa, na bosi alitaka ripoti yake iandikwe vizuri. Kwa hiyo karani wa ofisi hiyo alitumwa na kurasa za mkono, aende zikaandikwe sekretaria kama mtu anayeandikisha ombi la kiwanja! Alisimama nyuma ya mama akihakikisha kila faili linafutwa. Lakini njaa ni njaa. Alitoka dakika tano kununua mikate, na katika dakika hizo mama alitoa kopi ya pili.

"Amekuwa akiwaandikia watu miaka mingi," mkurugenzi alituambia. "Anasema vidole vyake havisomagi. Siku hiyo vilifika kwa jina la mkunga aliyemzalisha watoto wake wote wawili, na vikasoma."

Mimi nilitumwa kuhakiki mengine. Ripoti ilisema kwamba Jumapili fulani yule mwalimu alikaa na watu watatu ghalani kwa mfanyabiashara wa Kivu. Nilimtembelea mwalimu, nikapiga soga za mpira, nikauliza kwa kupitia mbali. Ilikuwa kweli, mpaka rangi ya viti. Maswali mengine mawili ya namna hiyo yalitoa jibu lile lile. Na ukurasa wa saba niliuthibitisha kwa mwili wangu.

Likabaki swali la pili. Mwandishi alisema watu wa orodha wana haki ya kujua leo, kwa maana kesho mmoja anaweza kubebwa. Mkurugenzi alisema wa kwanza kuumia ni mama wa sekretaria: karani akisikia ripoti yake redioni, hatafikiria muda mrefu. "Mama atoke mjini kwanza. Akishafika mbali, tunasoma siku ile ile."

Lakini katika mji wetu mtu hatoki tu. Ukifunga kibanda chako bila sababu, mpaka jioni majirani watakuwa wameshakupa sababu tatu, zote mbaya. Mama alihitaji sababu ambayo kila mtu angeipokea bila kuuliza. Na hapo ndipo mimi, mtu wa hatari ndogo, nilipotoa wazo.

"Tumsomee komunike," nilisema. "Iko na dada yake mukubwa kule Opala, siku tano kwa boti. Tuseme dada iko mugonjwa. Nani atamuuliza mutu anayeenda kwa mugonjwa?"

Mkurugenzi alikuwa ameongoza redio ile miaka mingi na, kwa kadiri alivyojua, haikuwahi kusoma komunike ya uongo. "Watu kule hawana kitu kingine cha kuamini," alisema. Mwandishi akaacha kutafuna. Kisha mkurugenzi akasema, "Andika." Niliandika mimi, kwa mkono wangu mbaya wa darasa la sita.

Ilisomwa Jumanne. Boti la mbao lenye mashine, baleinière kama tunavyoiita, lilipaswa kuondoka Jumatano. Lakini mwenye boti alikuwa anangoja mizigo ya chumvi na sabuni, akasema Alhamisi. Alhamisi akasema Ijumaa. Tulijua boti zetu. Tungepaswa kulihesabu hilo na hatukulihesabu.

Kitu kingine ambacho hatukukihesabu ni kwamba hata wagonjwa husikiliza redio. Dada mkubwa wa Opala alikuwa uani kwake, mzima kama mti, aliposikia kwamba yuko karibu kufa. Watu walimjia wakilia. Aliwafukuza. Kesho yake alikwenda kwa mwenye phonie, ile mitambo ya mawasiliano ya wafanyabiashara, akatuma ujumbe kwenye redio nyingine ya Kisangani. Ulisomwa Alhamisi jioni, na mji wote uliusikia: "Mama huyu wa Opala anajulisha jamaa na marafiki kwamba iko muzima, analima, anakula. Anauliza ni nani anamutakia kufa."

Mji ulicheka. Kwenye toleka, sokoni, kwa wauza samaki, watu waliurudia wakiiga sauti ya mtangazaji. Mimi nilikuwa Mangobo nikinywa chai niliposikia wanaume wawili wakicheka, nikaiacha chai yangu.

Ijumaa asubuhi nilikimbilia ufukoni. Mama alikuwa ameshapakia mzigo wake. Majirani waliokuwa wamekuja Jumanne kumpa pole sasa walikuwa wamekuja kumcheka.

"Mama, sema ukweli," jirani mmoja alimwambia, "Opala kuna mugonjwa ao kuna bwana?"

"Bwana gani na magoti haya?"

"Donc iko bwana mugonjwa wa magoti!"

Walicheka wote, na yeye alicheka nao, lakini alikuwa akitazama juu ya mabega yao. Alikuwa akitazama wanaume wawili wenye viatu safi waliokuwa wakishuka kwenye matope bila haraka. Majirani walidhani ni watu wa kodi ya vibanda; mimi nilijua kwamba ile ofisi nayo ilisikia redio. Mmoja wa wale wanaume alimsalimia kwa heshima, akamwita mama, akabeba mwenyewe mzigo wake kutoka kwenye boti. Mama alinipita karibu kiasi kwamba nguo yake iligusa mkono wangu. Hakunitazama, na nilielewa kwamba kutonitazama kule kulikuwa zawadi.

Jioni ile tulikaa watatu katika ofisi ya mkurugenzi. Kurasa tisa zilikuwa mezani.

"Sasa tunasoma," mwandishi alisema. "Wakijua mji unajua, wataogopa kumugusa."

"Ao wataona hakuna tena cha kupoteza," alisema mkurugenzi.

Asubuhi yake mume wa mama alikuja. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alikataa kiti. "Papa directeur, wanamuuliza tu, wamesema ni maswali. Hawajapata karatasi. Mukiisoma, wamepata. Ninawaomba. Munyamaze."

Tukanyamaza. Kila Jumatatu mkurugenzi aliitoa orodha kwenye sanduku, akauliza maswali yake matatu, na kila Jumatatu swali la pili lilikuwa na sura ya mwanamke mmoja. Mkurugenzi alimtafuta mwanasheria; mwanasheria alisema tungoje. Tulimuuliza padri, alisema uhai kwanza. Mwandishi alisema, "Tukingoja siku nzuri haitakuja," kisha akaacha kusema. Juma la tano hakuleta karanga.

Ili tusikae bure, mkurugenzi aliniagiza niwapitie watu wa orodha mmoja mmoja kwa miguu na kuwaonya bila kusema nimejuaje. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Karani wa parokia alinishukuru na kunipa ndizi. Mfanyabiashara wa Kivu alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake, akaniuliza, "Na wewe umetumwa na nani? Mutu anayejua kwamba ninasikilizwa, si ndiye anayenisikiliza?" Nikaaga. Mkunga hakuuliza chochote. Juma lililofuata nyumba yake ilikuwa tupu, na wanawake wa mtaa wake walinitazama kama mimi ndiye niliyemfukuza.

Miezi mitatu ilipita. Msimu wa mvua uliisha. Siku moja, mchana wa kawaida kabisa, yule seremala alikuja kituoni kusema mkewe ameachiwa.

Tulikwenda wote watatu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi nyuma ya nyumba, akisonga fufu, ugali wetu wa muhogo, na tulipomsalimia alitoa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na vidole viwili ambavyo havikukunjika tena. Hakusema ni kwa nini, na hakuna aliyemuuliza. Kibanda chake kilikuwa kimetiwa muhuri. Mashine zilichukuliwa siku ile ile ya Ijumaa.

Mkurugenzi alianza kusema maneno aliyoyaandaa. Mama alimkata.

"Mulisoma?"

"Bado, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tulikulinda."

Aliweka mwiko chini. Aliongea polepole, bila ukali, na nadhani ukali ungekuwa rahisi kwetu. "Mulinzi alikuwa na redio. Kila siku saa kumi na moja anafungua. Ninaweka sikio kwa ukuta. Komunike, komunike, muziki, mupira. Ninajiambia, leo wamekosa umeme. Ninajiambia, kesho. Walikuwa wananiuliza karatasi iko wapi, nami ninasema sijui, ninanyamaza, ninanyamaza, kusudi mupate siku ya kuisoma. Na ninyi munanyamaza kusudi mimi nipone." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani aliwaomba?"

Mume wake alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia miguu yake. Mama aliona, akaelewa, akaokota mwiko wake.

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko jambo lolote. Tulikuwa na maswali matatu mazuri. Tulimuuliza mwanasheria, padri, mume. Lakini siku zile nne alipokuwa bado huru, na mashine yake ikivuma, na mkurugenzi amesimama mbele yake na kadi mkononi, hakuna kati yetu aliyemuuliza mwenyewe: wakikushika, tusome au tusisome? Tuliona aibu kulitaja jambo hilo, kama vile kulitaja ni kuliita. Kwetu mtu hamuulizi aliye mzima kuhusu msiba wake. Mimi ambaye nauliza kila kitu sikuuliza hilo.

"Someni sasa," alisema.

Tulisoma jioni tatu mfululizo, kwa Kiswahili na kwa Lingala. Mwandishi ndiye aliyesoma. Walioonywa na kukubali walitajwa majina. Wengine walielezwa kwa kazi zao tu. Wapelelezi wa mitaani hatukuwataja, maana wengine walikuwa watu wa njaa tu. Ofisi ilikanusha. Watu walikasirika juma moja, wakazungumza barabarani, wengine wakabadilisha namba zao. Lakini kurasa zilikuwa zimezeeka. Mwalimu alikuwa ameshahamishwa kwenda kijijini, mwanafunzi mmoja alikuwa ameitwa mara mbili na ameacha chuo, mkunga alikuwa ameondoka. Wengi walisema, "Hii tulishaisikia." Ni kweli walishaisikia: kutoka kwangu, kwa mnong'ono, nami nilikuwa nimeipunguza nguvu kwa kuigawa vipande vipande.

Nilirudi kwa mama peke yangu kumuaga. Miguu ilikuwa imeanza tena. Nilimwambia nataka kuondoka mjini, sijui kwenda wapi.

"Kama haujui, nitakutuma," alisema, kama siku ile ya mvua, lakini bila mzaha. "Yaya, dada yangu mukubwa wa Opala, hasemi na mimi. Anaamini nilimutangaza maiti kwa sababu ya shamba la baba yetu. Siwezi kumuandikia," akainua mkono wa kulia, "na siwezi kumuambia kwa redio. Wewe ndiye ulimufanya mugonjwa kwa kalamu yako. Enda umuponyeshe."

Baleinière ilishuka mto mkubwa mpaka Isangi, ikapinda kuingia mto Lomami, ikapanda. Siku tano juu ya magunia ya chumvi. Sikumuuliza abiria yeyote maswali. Walidhani naumwa.

Tulifika Opala alasiri. Niliuliza nyumba, nikaonyeshwa. Mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kulima, alikuwa akifunga kwanga, mikate yetu ya muhogo, kwenye majani. Nilipiga hodi, nikataja nilikotoka. Nilipotaja redio alisimama.

"Kumbe ndiye wewe uliniua."

"Ndiye mimi, mama."

"Kaa."

Nilimweleza kila kitu, kuanzia bahasha. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kufunga kwanga, jani, kamba, jani, kamba, mpaka nilipofika kwenye vidole viwili. Hapo ilisimama.

"Hao watu walioandikwa kwa karatasi," alisema, "wamekwenda kumusalimia?"

"Hapana, mama. Hawajui kama ni yeye."

"Na ninyi hamuwezi kuwaambia."

"Hatuwezi. Tukisema ni yeye, ile ofisi itapata ushahidi, itarudi kumuchukua."

"Donc hana mutu." Hakuwa ananiuliza. "Bwana wake amemunyamazia, ninyi mumemunyamazia, na mimi nimemufungia mulango miezi yote hii."

Alikusanya majani yaliyobaki, akayaweka ndani ya beseni, akanawa mikono. Kisha akanionyesha nyumba ndogo ya jiko nyuma ya ua.

"Utalala pale. Kuna kitanda cha miti. Usiguse samaki iliyo juu ya moto." Alipofika mlangoni kwake aligeuka. "Boti yako inarudi siku gani?"

"Alhamisi, mama. Kama mizigo itapatikana."

"Sijasema ninaenda."

"Ndiyo, mama."

"Nimeuliza tu."

Nikaingia jikoni, nikaweka mfuko wangu chini. Kitanda kilikuwa kifupi kuliko mimi, na moshi ulikuwa mwingi. Kutoka nyumba kubwa nilisikia sanduku likiburutwa kwenye sakafu ya udongo, likasimama, likaburutwa tena.